Mpapai Mmoja wa Mama

Heru Juu, Jumapili alasiri, mwezi wa saba.

Asubuhi kulikuwa na ile baridi ya Kasulu inayokufanya uoge nusu mwili. Sasa jua limetoka lakini halina nguvu, na moshi wa nyasi zinazochomwa ng'ambo ya bonde umetanda mpaka kwetu. Nimekaa kwenye kizingiti cha jiko. Vidole vinaniwasha. Nimevisugua kwa majivu, nimevipaka mawese, bado vinawasha, na kila herufi ninayobonyeza inaacha alama kwenye kioo cha simu. Ni utomvu wa mipapai.

Leo nimekata mipapai kumi na mmoja. Nimeikata mwenyewe, kwa panga letu la nyumbani, huku wanaume wawili wa ukoo wetu wamesimama wananiangalia.

Sikulia. Naliandika hili mapema ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nililia nikahurumiwa.

Kwa ambaye hanijui: miaka tisa nilikuwa nachapa barua za watu kwenye duka la steshenari Kibondo. Maombi ya kazi, mikataba ya kupanga nyumba, kumbukumbu za vikao vya harusi. Mume wangu alipomleta mwanamke mwingine ndani akasema tuzoeane, nilifunga mabegi mawili nikarudi kwetu. Ikawa sadfa nzuri kwa kila mtu, maana Mama alikuwa amepigwa na kiharusi miezi miwili kabla, upande wote wa kulia umelala, na kaka yangu Jovin ana duka la vifaa vya ujenzi huko huko Kibondo na hana muda wa kumgeuza mtu kitandani. Kwa hiyo nilipokelewa vizuri sana. Hakuna aliyeuliza nitakaa mpaka lini, na mimi sikuuliza.

Kaka alinionyesha kipande nyuma ya jiko, kile kinachoteremka mpaka kwenye mpaka wa jirani. Akasema, "Nakuazima hapa, Dafroza. Lima maharage, mle na Mama."

Nakuazima. Uwanja niliozaliwa, ambao kitovu changu kimezikwa humo. Lakini Baba alikufa bila kugawa kitu, na tangu siku ya matanga kila kitu hapa kinaitwa cha Kaka, hata ndoo.

Sasa, kwetu huku kuna jambo ambalo kila mtoto analijua bila kufundishwa. Ukiazimwa shamba, unapanda cha msimu. Maharage, mahindi, viazi. Mhogo pia, kama mwenye shamba ni mtu mwema. Mti hupandi. Ukipanda mti kwenye ardhi ya mtu, umemwambia kwamba hutoki, na yeye ana haki ya kukusikia hivyo.

Nalijua hilo tangu nina miaka sita. Naomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Mambo ya mipapai yalianza na tumbo la Mama. Kinywa chake kimekwenda upande, hawezi kutafuna, na tumbo linaweza kufunga siku tano mpaka analia. Nesi akasema mpe papai kila siku. Mapapai ya sokoni hapa yanatoka mbali, yanafika yamepondeka kwenye magunia, na siku nyingine hakuna kabisa. Ndipo Mama Espe akaja kututembelea. Huyu alikuwa jirani yangu wa Kibondo, mtoto wa wakimbizi wa Kirundi, aliyezaliwa kambini na sasa ni Mtanzania mwenye kitambulisho anachokitunza kuliko pete ya ndoa. Alileta papai moja la uani kwake, amelifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Nilimlisha Mama kwa kijiko. Maji yakamtiririka kidevuni. Akala nusu nzima, halafu akasema kwa Kiha, neno lililonyooka kuliko yote aliyosema tangu augue, "Ongeza."

Mbegu nilizitunza.

Acha niandike nilivyofanya, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Mbegu za papai zina ngozi ya ute. Ukizipanda nayo, zinaoza au zinagoma. Mama Espe alinionyesha: unazisugua na majivu kwenye chekeche mpaka ule ute unapasuka, unaziosha, unazianika kivulini siku tatu, si juani. Udongo nilichukua chini ya migomba, nikachanganya na samadi ya mbuzi ya mwaka jana na mchanga wa kijitoni. Nikajaza viriba, ile mifuko ya plastiki ya miche. Mbegu mbili kila kiriba, kina cha ukucha. Juu nikafunika nyasi kavu.

Wiki mbili hakuna kitu. Nilikuwa nakwenda kuchungulia kila asubuhi kabla hata ya kumwamsha Mama, nikirudi nimekunja uso, mpaka akawa ananisoma usoni na kucheka kwa ule upande unaocheka. Siku ya kumi na nane nilikuta shingo tatu zimeinama, zimebeba udongo kichwani. Nikamwita Mama kwa sauti kana kwamba anaweza kuja.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokolea nikachimba mashimo kumi na mawili kwa mstari mmoja, kila moja nikaweka miche mitatu. Mitatu kwa sababu mbegu haisemi ni nini. Mche hausemi. Ni ua tu linalosema. Mpapai dume unatoa maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, yanapendeza kweli, na hayazai kitu. Jike linatoa ua moja au mawili, yamebana kwenye shina, manene chini, hata huyaoni usipoinama. Kwa hiyo unangoja miezi saba, minane, unamwagilia yote sawa, ndipo unajua ulikuwa unamlisha nani.

Kiangazi kilipoingia nilimwagilia maji ya kuoga ya Mama, na madumu mawili ya kisimani kila alfajiri. Mgongo wangu unajua njia ile.

Mwezi uliopita yakaja maua. Nikang'oa madume nikaacha jike moja kila shimo. Shimo moja tu, lile la mwisho wa mstari, karibu na njia ya jikoni, yote matatu yalitoka dume. Nikang'oa mawili nikaacha moja lenye nguvu, maana majike hayazai vizuri bila dume kuwepo shambani, na moja linatosha kwa yote. Likawa refu kuliko wenzake. Maua yalikuwa yanashuka kama shanga za bibi harusi. Mtu akipita njiani lazima aulizie ule.

Majike kumi na moja na dume moja. Ilikuwa imetimia kabisa.

Wiki iliyopita nikapiga picha ule mstari, nikaiweka hapa mtandaoni, kwenye shajara yangu hii. Nikaandika: "Shamba langu. Krismasi hii tutakula papai za kwetu."

Wifi yangu, mke wa Kaka, husoma kila ninachoandika hapa. Hajawahi kuacha neno, lakini kuna siku niliandika kwamba uji wa Mama umeungua, na kesho yake akanipigia kuniuliza kama Mama bado analishwa uji ulioungua. Kwa hiyo picha ile ilifika dukani Kibondo kabla ya jua kuzama.

Jana Kaka akaja na gari. Leo baada ya ibada akamleta Baba Mdogo, mdogo wake marehemu Baba, ndiye mkubwa aliyebaki. Tukakaa uani, wao kwenye viti, mimi kwenye mkeka. Soda zilifunguliwa. Kaka alikuwa mpole mno, na mimi upole wake naujua, ni ule wa mtu ambaye ameshaamua.

Akasema hana ugomvi. Akasema mimi ni damu yake. Akasema tu kwamba alinipa mahali pa maharage, nimepanda miti, na si katikati, nimepanda kwenye mpaka, na tena nimetangazia dunia kwamba ni shamba langu. Akaniuliza, wewe ungekuwa mimi ungeelewaje?

Mimi nina mdomo, hilo nalikubali. Nikasema mpapai si mti. Hauna mbao, hautoi hata kuni, ukiukata ndani ni uwazi mtupu. Baada ya miaka minne umechoka unaanguka wenyewe. Ni kama mhogo uliozidi kimo.

"Kama si mti," Kaka akasema, "mbona umekaa kivulini kwake?"

Na kweli kivuli cha ule mrefu wa njia ya jikoni kilikuwa kimefika kwenye mkeka wangu. Baba Mdogo akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akasema kitu kinachomzidi mtu urefu ni mti. Nilitaka kumuuliza mahindi je. Nikanyamaza, kwa sababu nilishaona kwamba hata nikishinda hoja nitakuwa nimeshindwa.

Ikaamuliwa ikatwe. Baba Mdogo akaongeza kwamba anayekata awe aliyepanda. Ndivyo inavyofanywa, ili kesho na keshokutwa asitokee mtu akasema ameharibiwa mali. Kaka akaingia jikoni kwangu akatoka na panga, akanipa kwa kuligeuza, mpini kwangu, kwa adabu kabisa.

Halafu akakumbuka kwamba ana mama.

"Mmoja ubaki," akasema. "Mama anapenda papai. Mimi si mnyama."

Akatembea kwenye mstari mikono nyuma, kama anachagua mabati. Kwenye majike hata hakusimama. Hayakuwa na kitu cha kuonyesha, ua moja hapa, mawili pale, yamejificha. Akafika kwenye ule wa njia ya jikoni, akanyanyua uso, akashika kikonyo kimoja cha maua akakiangalia. Kaka aliondoka hapa na miaka kumi na nne kwenda kulelewa na mjomba mjini. Anajua nondo, anajua saruji, anajua misumari ya kila inchi.

"Huu," akasema. "Angalia maua haya. Huu ndio utakaomzalia Mama."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na panga mkononi.

Lilikuwa neno moja tu. Kaka, huo ni dume, acha ule wa pili. Angeniamini, maana kwa kilimo ananiamini. Baba Mdogo angeitikia. Leo kungekuwa na jike limesimama pale. Lingehitaji dume la jirani, lingeweza kusuasua, lakini lingekuwa na njia.

Sikusema.

Nilimwangalia Baba Mdogo. Yeye amelima maisha yake yote, hawezi kukosa kujua. Aliyatazama maua, akanitazama mimi, akafunga vifungo vya koti. "Basi, imekwisha," akasema. Sijui alikuwa amechoshwa na Kaka au amechoshwa na mimi.

Nikaanza kukata. Mpapai haukupi hata taabu ya kuukata. Pigo moja, mawili, unakunjika, maziwa yanaruka mkononi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tano niliona tumba dogo la kijani pale ua lilipokuwa, limeshaanza kuwa tunda, kubwa kama punje ya harage. Nikalikata nalo. Na hapa ndipo penye aibu yangu, nataka ikae wazi: nilikuwa nafurahi. Kila pigo nilikuwa nasema moyoni, ngoja Krismasi. Ngoja uje na watoto wako na mke wako mwenye macho, usimame chini ya mti wako uliouchagua mwenyewe, uangalie maua.

Nimekata yote nikiwa na furaha hiyo.

Nilipomaliza, Kaka aliingia kumuaga Mama. Nilikuwa mlangoni nanawa. Akamwinamia, akamwambia kwa Kiha, polepole, kwamba shamba limesafishwa lakini amemwachia mpapai mmoja, ule mzuri kuliko yote, ni wake peke yake. Mama akamshika mkono kwa mkono wake mzima. Akamshukuru. Alimshukuru Kaka, kwa mti niliougawia maji yake ya kuoga miezi yote hii.

Gari lilipoondoka nikamgeuza Mama, nikamwekea mto. Akaniuliza, mpapai wake utazaa lini?

Nikasema, "Krismasi, Mama."

Ulimi wangu ulitoa jibu hilo haraka, kama mtu aliyekuwa amejiandaa. Akacheka na ule upande wake. Akauliza tena kama papai lake litakuwa tamu kama lile la Mama Espe. Nikasema zaidi.

Nimekaa hapa tangu saa nane. Nimejaribu kujipa haki, maana haki ninayo, ipo nyingi tu. Nimeonewa. Yeyote atakayesoma ataniambia nimeonewa. Lakini naandika shajara, si barua ya malalamiko, za malalamiko nimewachapia watu za kutosha na najua kinachoachwa nje.

Kinachoachwa nje ni hiki. Mama hakuhitaji mipapai kumi na miwili. Mdomo mmoja, nusu papai kwa siku, miti mitatu ingemtosha na ziada tungegawa. Na udongo mzuri wa kipande kile uko katikati, pale migomba ya Baba ilipokuwa, si kwenye mpaka kwenye changarawe. Nilichimba mashimo kwenye changarawe kwa sururu, siku nne, mikono ikatoka malengelenge. Kamba nilifunga kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, nikapima mstari unyooke. Hakuna anayepanda papai hivyo. Hivyo mtu anapanda ua wa mpaka.

Kwa hiyo Kaka hakunisingizia. Alinisikia vizuri sana. Nilitaka kukaa, na sikuwa na ujasiri wa kufungua mdomo huu mkubwa nikasema, Kaka, mimi sina pa kwenda, nigawieni kipande. Nikaona niutume mpapai ukaseme kwa niaba yangu, nyuma ya mgongo wa mgonjwa. Na jina la Mama nililitumia kama yeye Kaka alivyolitumia leo.

Lakini yeye hakujua anachagua nini. Mimi nilijua.

Kuna watu wanasema ukipigilia msumari kwenye shina, dume linashtuka linazaa. Mama Espe huwa anawacheka wanaosema hivyo. Hata hivyo nimekwenda kuuangalia saa hizi, nimezunguka shina lake mara mbili, nikitafuta mahali ambapo msumari ungeingia. Nimefika hapo. Nyuki walikuwa wengi kwenye maua, wanakwenda wanarudi, na hakuna jike hata moja lililobaki la kuwapokea.

Majike nimeyakusanya kwenye rundo pale mpakani. Majani yameshaanza kulala. Mbuzi wa jirani wamekuja kuonja, wameyaacha.

Zimebaki mbegu za Mama Espe kwenye bahasha, ishirini na kitu. Zikianza leo, ni mwaka mzima na zaidi mpaka tunda la kwanza, na mahali pa kuzipanda ni mpaka niombe. Sijui Mama ana mwaka. Nesi hakusema, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Kesho asubuhi, nikimwogesha, nitamwambia Mama ukweli kuhusu Krismasi. Nitamwambia na nani alikuwa anajua. Ataniangalia kwa jicho moja, kwa sababu lile la pili halifungi wala haliangalii, na nitalazimika kuendelea kumsugua mgongo. Halafu nitampigia Kaka kumwomba kipande cha katikati, kwa mdomo wangu, kwa jina langu. Akikataa, atakuwa amekataa kitu nilichokisema.

Lakini najijua. Kesho asubuhi nitakuwa na sababu. Maji yatakuwa yamepoa, Mama atakuwa amelala vibaya, simu haitakuwa na chaji. Kwa hiyo naituma hapa leo, kabla vidole havijaacha kuwasha.

Wifi, najua utasoma hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Ile picha ulimwonyesha mumeo. Mwonyeshe na hii. Mwambie ule aliomwachia Mama hauzai, hautazaa hata siku moja, na kwamba dada yake alikuwa amesimama hatua tatu, anajua, akanyamaza.